Mponyaji wa Spana

Jumapili ile, saa tisa alasiri, Spana alikuwa ameketi katikati ya wanaume wawili aliowapenda kuliko wote duniani, na wote wawili walikuwa wamemkosesha raha.

Kushoto kwake alikuwa kaka yake mkubwa, mwenye bucha, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Kochi lilikuwa limezama upande wake. Kulia alikuwa Nesi, ndani ya shati jipya lenye mikunjo ya dukani bado, magoti ameyabana utadhani anasubiri kuitwa jina lake kwenye foleni ya daktari. Mbele yao televisheni ilikuwa imewashwa, na kwenye kioo walisimama watu sita wa vitani, wanapumua taratibu, wanangoja kuchaguliwa.

"Kwa hiyo hili ndilo gemu lenyewe," kaka alisema.

"Ndilo," Spana akajibu.

"Na hawa wamesimama wanafanya nini?"

"Wanatusubiri sisi. Kila mchezaji anachagua mmoja. Ukishamchagua, basi wewe ndiye yeye, na kazi yake ndiyo kazi yako."

Kaka aliwatazama wale sita mmoja mmoja kwa jicho la kazini, lile analowatazamia ng'ombe asubuhi kabla hawajashushwa kwenye gari. "Huyu wa kwanza ana paja zuri," alisema.

Wifi, mke wa kaka, aliyekuwa akipanga vikombe mezani, alicheka kimoyomoyo. Nesi hakuthubutu.

Yote haya yalianza wiki moja nyuma, Spana alipopiga moyo konde na kumwambia kaka yake kwamba kuna mtu wa miaka thelathini na mbili anataka kuwaleta wazazi wake nyumbani kuzungumza. Kaka aliuliza maswali mawili tu. La kwanza, mtu huyo anafanya kazi gani. Nesi, Spana alijibu, wodi ya watoto. La pili, huwa wanakutana wapi. Na Spana, ambaye hajui kudanganya hata kwenye simu, akasema ukweli: pale pale wodini, baada ya kazi, wanacheza gemu na watoto waliolazwa muda mrefu.

"Mwanaume wa miaka thelathini na mbili," kaka alisema, "anacheza gemu na mdogo wangu."

"Ndiyo, kaka."

"Mimi sinunui ng'ombe kwa simu. Mlete Jumapili nimwone. Na hilo gemu lake alilete."

Ingekuwa ni mtu mwingine, Spana angecheka. Lakini huyu ndiye aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na saba, wiki ile ile baba yao alipozikwa, akafunga aproni ya baba iliyomburuza miguuni na kusimama nyuma ya meza ya bucha. Spana alikuwa na miaka mitano. Ndiye aliyemlea, akamsuka nywele vibaya, akamsomesha mpaka chuo cha ufundi. Aliposema anataka kusomea ufundi wa lifti, kaka aligoma siku tano. Siku ya sita alirudi na jozi ya mabuti ya kazini, saizi yake kamili, akayaweka mlangoni bila kusema neno. Mtu wa namna hiyo akikuambia hapana, hutoroki. Spana alikuwa ameshamwambia Nesi waziwazi: kaka akikataa, mimi sitamwacha kaka. Na Nesi alijibu kwamba asingempenda kama angekuwa mtu wa kumwacha.

Basi hapo ndipo mambo yalipokuwa yamefika. Kila kitu kilikuwa juu ya kochi lile.

"Anza wewe," kaka alimwambia Spana. "Huwa unakuwa nani?"

Spana aliichukua padi yake ya kuchezea, akalisogeza duara la mwanga mpaka chini ya miguu ya mwanamke mnene aliyebeba ngao kubwa kama mlango. "Huyu. Mwenye ngao. Anatangulia mbele, maadui wote wanampiga yeye, wenzake wanapona."

"Yaani kazi yako ni kupigwa."

"Ndiyo, na kutoanguka."

Kaka alimtazama kwa pembe ya jicho. Kulikuwa na fahari kidogo pale, akaificha haraka. "Na yule mwenye kikapu cha majani?"

"Huyo ni mponyaji," Nesi alisema. Lilikuwa neno lake la tano tangu aingie. "Anakaa nyuma, kaka. Anawatibu wenzake wakijeruhiwa."

Kaka alicheka puani. "Wenzake wanakatana mapanga, yeye anachuma majani. Huyo wa kina dada."

"Na dada yako ndiye kabeba ngao," Wifi alisema kutoka mezani.

"Ndiyo maana nataka nione mwanaume wake anabeba nini."

Spana alikikodolea macho kioo. Duara la Nesi lilikuwa tayari limesimama chini ya mponyaji. Lilikwenda lenyewe, kwa mazoea, kama mkono unavyojua swichi ya taa iko wapi chumbani kwako. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Kisha duara likatikisika, likasogea kulia, likasogea tena, likatua chini ya bwana mmoja wa kifua wazi aliyeshika mapanga mawili. Mlio wa kuthibitisha ukalia.

"Haya, huyo ndiye mtu," kaka alisema, akajipigapiga goti.

Nesi alitabasamu kwa kaka. Kwa Spana hakugeuka.

Ni jambo dogo, mtu angesema. Ni picha tu kwenye kioo. Lakini Spana hakuweza kulipuuza, maana alimpenda mtu huyu kwa sababu ya kile kikapu cha majani. Walikutana lifti ya hospitali ilipokwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, Nesi akiwa ndani na mtoto mmoja aliyekuwa anapelekwa kupigwa picha. Spana alishuka kwa ngazi ya chuma kwenye shimo la lifti, na kabla hajafungua mfuniko wa juu alisikia sauti ya mwanaume ikihesabu kwa utulivu: moja, mbili... halafu kicheko cha mtoto. Walikuwa wanahesabu hatua za Spana kwenye ngazi. Alipofungua, mwanaume yule alitazama juu, akaona kwanza mabuti, halafu uso. "Karibu," alimwambia, kana kwamba lifti ile ni sebule yake. Baadaye Nesi aliapa kwamba moyo ulimwenda mbio tangu alipoona yale mabuti, hata kabla hajajua aliyeyavaa ni nani.

Kaka naye alichagua. Duara lake lilipita kwa mpiga upinde, likapita kwa mchawi, likafika kwa yule wa sita, kijana mwenye zeze mgongoni, likakaa pale kidogo. Spana alidhani kidole kimeteleza. Kisha likarudi haraka kwa jitu lenye shoka. "Mimi na shoka tunajuana," kaka alisema, na wote wakacheka.

Alikuwa anaitumia padi kwa taabu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa cha jikoni. Nesi alikiona kitambaa kile mlangoni, waliposalimiana. Alisema, "Shikamoo, kaka," macho yakashuka kwenye mkono, na mdomo ukafunguka. Kaka akaupeleka mkono mgongoni. "Marahaba. Kisu kiliteleza juzi, si kitu." Nesi akaufunga mdomo wake.

Safari ikaanza. Kwenye lango la mji alisimama bibi mwenye funguo, na maandishi yakatokea chini yake: *Ukivuka hapa, hutabadilika tena. Ukitaka kuwa mwingine, itabidi uanze upya kabisa.*

"Bibi huyu ana maneno makali," kaka alisema.

"Bonyeza cha kijani," Spana akamwelekeza.

Walivuka. Saa nzima iliyofuata ilikuwa balaa tupu. Baada ya mji kulikuwa na daraja, na katikati ya daraja alikaa dubwana la mawe lenye mikono minne. Spana alitangulia na ngao yake kama kawaida, kaka akafuata na shoka, Nesi akaingia kwa mapanga. Dubwana likamtandika Spana mara tatu, na yeye, kwa mazoea ya miezi kumi na minane, akasubiri ile nuru ya kijani inayotoka nyuma na kumfunika mabega. Haikuja. Alianguka. Baada yake wakaanguka wengine, mmoja baada ya mwingine.

"Tena," kaka alisema.

Wakaanguka tena. Na tena. Nesi alikuwa mpiganaji wa ajabu sana. Kila alipomkata adui alisema "pole" kwa sauti ya chini.

"Unampa nani pole?" kaka aliuliza mara ya nne.

"Samahani, kaka. Nimezoea."

"Umempiga panga la shingo, halafu unampa pole."

Wifi aliweka sahani ya biskuti chini, akatoka kwenda kucheka barazani. Siku nyingine yoyote Spana angemfuata. Waliposhindwa mara ya saba, aliweka padi mezani na kusema anakwenda kuongeza chai. Birika lilikuwa bado limejaa na kila mtu aliliona.

Nesi alimkuta jikoni, amesimama mbele ya jiko lisilowashwa.

"Spana."

"Rudi ukae na kaka. Bado hajamaliza kukukagua."

"Umekasirika."

"Sijakasirika." Alikuwa amelishika birika kwa mikono miwili. "Umenikana, wewe."

"Nimekukana vipi? Si nimekuja kwa ajili yako? Nimevaa hata shati hili, linaniwasha shingoni."

"Mimi nimezoea kutangulia," Spana alisema. "Naweza kupigwa na dubwana la aina yoyote, kwa sababu najua nyuma yangu kuna mtu. Leo nimetazama nyuma, hukuwepo. Ulikuwa huko mbele unampigia kaka yangu maonyesho."

"Nilitaka aone mwanaume."

"Mwanaume gani mwingine? Mimi nimemleta mmoja tu."

Sebuleni kaka alisikika akibonyeza vitufe peke yake na kuguna.

"Sikiliza," Spana aliendelea, akiteremsha sauti. "Kila lifti ina uzani wa chuma nyuma yake. Lifti ikipanda, ule uzani unashuka. Abiria hawauoni, hawajui hata kama upo. Lakini ukiutoa, hakuna mtu atakayefika ghorofa ya pili. Mimi nafanya kazi na hicho kitu kila siku ya Mungu. Sijawahi kukiona ni cha kina dada."

Nesi alimtazama muda mrefu. Alikuwa na macho ambayo watoto wodini huyaamini hata akiwa ameficha sindano mgongoni, na sasa macho yale yalikuwa yamelowa. "Mkono wa kaka yako unanuka," alisema taratibu. "Nimeusikia tangu mlangoni. Kidonda kile hakijasafishwa. Nilitaka kusema."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe ndiye uliyeniambia kwenye gari. Usianze mambo ya hospitali, kaka hapendi, anaogopa sindano kuliko simba. Umeniambia mara mbili."

Spana aliliweka birika juu ya jiko. Ni kweli alisema. Alimvisha shati jipya, akamfundisha namna ya kukaa, akamkataza kazi yake, halafu amekuja kumlaumu kwamba si yeye. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Basi mimi ndiye niliyeanza," alisema.

"Na mimi ndiye niliyebonyeza."

Walitazamana, na kicheko kikawatoka wote wawili kwa pamoja, kile cha chinichini cha watu wasiotaka kusikika. Nesi alinyoosha kidole na kumfuta chozi ambalo Spana hakujua kama lipo. Mkono ulikaa shavuni kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Spana alinusa sabuni ya hospitali kwenye vidole vile, akatamani dunia isimame hapo hapo, pamoja na birika lake la visingizio.

"Wifi," sauti ya mke wa kaka iliita kutoka sebuleni, tulivu lakini ya juu. "Njooni. Mkono wa mwenzenu unavuja damu."

Kitambaa cha jikoni kilikuwa kimegeuka chekundu, na padi ilikuwa na alama za vidole vyekundu. Kaka alikuwa amekaa wima, amejikaza kisabuni, lakini uso wake ulikuwa umepauka. Mtu anayepasua ng'ombe wanne kabla ya chai ya asubuhi alikuwa anatazama dari ili asione damu yake mwenyewe.

"Si kitu," alisema. "Nimebonyeza kwa nguvu."

Spana alimwona Nesi akibadilika mbele ya macho yake. Magoti hayakubanana tena. Alikunja mikono ya shati jipya mpaka viwikoni, akaenda kunawa, akarudi na begi lake dogo, akapiga goti moja chini mbele ya kaka. Hakuomba ruhusa.

"Kaka, nipe mkono."

"Nimesema si kitu."

"Nimesikia. Nipe hivyo hivyo."

Kaka alimtazama. Spana alimjua kaka yake, alijua hakuna mtu aliyewahi kumwamuru kitu tangu akiwa na miaka kumi na saba. Dubwana kwenye kioo lilisimama, likipumua. Kisha ule mkono mkubwa ukanyooka polepole, ukatua kwenye kiganja cha Nesi.

"Dada, naomba maji yaliyochemshwa yakapoa," Nesi alisema, kwa sauti ile ya kwenye lifti. "Spana, taa." Spana aliwasha tochi ya simu, akasimama juu yao kama alivyozoea kusimama juu ya mashine. "Kaka, kitambaa kimegandia. Nitakilowesha, halafu nitakivuta. Nitahesabu mpaka tatu. Nikifika tatu ndipo itauma. Hadithia kidogo, bucha linafunguliwa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri."

"Unakuwa peke yako?"

"Mimi na—"

"Moja. Mbili." Kitambaa kilikuwa tayari mkononi mwa Nesi.

Kaka aliduwaa. "Umesema tatu."

"Tatu ndiyo inayouma, kaka. Kwa hiyo huwa siifikii."

Wifi aliangua kicheko, na safari hii hakutoka barazani. Hata kaka pembe ya mdomo ilimcheza. Nesi aliosha kidonda, akakausha, akakifunika kwa vipande vya shashi kimoja kimoja, akakifunga bendeji safi iliyokaa sawasawa kama soksi mpya. Alifanya yote hayo akiongea mambo ya kawaida tu. Alipomaliza alisema, "Kesho uje hospitali. Sindano moja tu, ya pepopunda."

"Sindano."

"Moja."

Kaka alimeza mate. Alikuwa anaugeuzageuza mkono wake, anautazama kwa jicho la kazini. "Umefunga vizuri," alisema mwishowe. Kwa watu wa bucha, hiyo ni hotuba nzima.

Nesi alifunga begi, akarudi kwenye kochi, akachukua padi, akaifuta damu. Hakumtazama mtu. Alibonyeza, na maandishi yakatokea kwenye kioo: *Una hakika? Utapoteza kila kitu ulichopata.* Akabonyeza tena. Daraja likatoweka, dubwana likatoweka, na wale watu sita wakarudi, wamesimama, wanapumua.

Duara lake lilikwenda moja kwa moja kwa mwenye kikapu cha majani. Mlio ukalia.

"Mimi ni huyu, kaka," alisema. "Nimekuwa huyu tangu mwanzo. Pale mwanzo nilikudanganya."

Spana alihisi moyo wake ukijaa mpaka akakosa pa kuuweka. Alitaka kumbusu mbele ya kaka, mbele ya wifi, mbele ya mponyaji na mchawi. Akaishia kuchagua mwenye ngao yake, na goti lake likagusa la Nesi, likakaa pale.

Kaka alikuwa hajaanza kuchagua. Padi ilikuwa mapajani mwake.

"Na wewe, kaka?" Nesi aliuliza. "Unakuwa nani?"

"Si shoka."

"Kwa nini si shoka?"

"Si nimeshika shoka miaka yote hii." Alikohoa. "Yule wa mwisho. Mwenye zeze. Anafanya nini yule?"

"Anaimba," Spana alisema polepole. "Akiimba, wenzake wanapata nguvu."

"Anaimba tu?"

"Anaimba tu."

Kaka aliukuna uso kwa mkono mzima. "Mkono wangu huu unauma. Huyo kijana nadhani anatumia vitufe vichache."

"Kimoja tu, kaka," Nesi alisema haraka, kwa uso mkavu kabisa. "Kwa mkono wako huo, ndiye anayefaa."

"Basi ni kwa sababu ya mkono."

"Mkono gani, mume wangu," Wifi alisema, na sauti yake ilikuwa laini. Alikuja akakaa kwenye mkono wa kochi. "Wifi, wewe hujawahi kumsikia huyu kwenye chumba cha baridi. Akishajifungia na nyama zake, anaimba mpaka wateja wananyamaza. Nikigonga mlango, ananyamaza yeye."

Spana alimgeukia kaka yake. Miaka ishirini na minne walikuwa wameishi pamoja, na hakuwahi kujua. "Hukuniambia."

"Hukuuliza." Kaka alikuwa anatazama kioo. "Hakuna aliyeniuliza. Nilivaa aproni, basi, nikawa muuza nyama. Silalamiki. Ila leo ni mara ya kwanza mtu ananipangia watu sita mbele yangu na kuniambia nichague."

Akabonyeza. Kijana wa zeze akainama kwa heshima.

Kwa bibi mwenye funguo hakuna aliyesita. Kwenye daraja, Spana alitangulia na ngao yake. Dubwana likainua mikono minne, likampiga mara moja, mara mbili, na kabla ya mara ya tatu nuru ya kijani ikatoka nyuma, ikamfunika mabega. "Moja, mbili," Nesi alihesabu. Spana alicheka kwa sauti bila kujizuia. Nyuma zaidi zeze lililia, halafu sebuleni ikasikika sauti nyingine, nzito na ya chini, ikifuatisha wimbo ule bila maneno. Hakuna aliyegeuka kumtazama, wasije wakamnyamazisha. Wifi aliinamisha kichwa, akakiegemeza kwenye bega la mumewe.

Walianguka mara mbili. Mara ya tatu dubwana lilipasuka vipande vipande, likatumbukia mtoni, na kaka akasimama wima na padi mkononi kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Akajikumbuka, akaketi.

Walikunywa chai. Jua la jioni lilikuwa limeingia mpaka miguuni mwa kochi. Kaka alikoroga kikombe chake muda mrefu, ingawa sukari ilikuwa imeshayeyuka.

"Watakaokuja kutoka kwenu ni wangapi?" aliuliza.

Nesi aliweka kikombe chini. "Baba, mama, na mjomba wangu mmoja."

"Huyo mjomba ana maneno mengi?"

"Mengi sana, kaka."

"Mlete hivyo hivyo. Jumamosi, saa nane." Alikunywa funda moja. "Na kesho nitakuja kwenye hiyo sindano yako. Lakini ole wako ufike tatu."

"Sitafika, kaka."

Spana alikuwa ameushika mkono wa Nesi chini ya meza, na mkono ule ulikuwa wa baridi na unatetemeka, mkono huo huo uliotulia kama mwamba ulipokuwa na kazi ya kufanya. Aliubana. Kaka alisimama, akachukua begi dogo la dawa kochini, akamkabidhi mwenyewe, akamshika bega kwa ule mkono wenye bendeji mpya.

"Halafu acha kuniita kaka," alisema. "Kaka ni wa huyu. Wewe niite shemeji."